Mashini za Kushona Zisiuzwe

Mara nyingi ukurasa huu unaleta habari za mpira na za kazi ya Jumamosi. Leo sisi wa darasa la sita, tuliopewa kazi ya kusimamia wenzetu, tunaleta neno la chumba cha kushona. Tunajua wengine wakiona neno "kushona" watageuza ukurasa mara moja. Tunaomba wasigeuze, maana neno hili litawafikia pale kitandani.

Tangu muhula wa pili kuna habari inazunguka kwamba zile mashini nne za kukanyaga kwa mguu zitauzwa. Sababu zinazotajwa ni mbili: seksio ya kupe-kutire imebaki na wasichana wachache, tena mashini zenyewe ni za zamani, "zinajua mshono mmoja tu". Feza itakayopatikana itanunua mabati. Hatubishi juu ya mabati. Mvua ikinyesha, ndugu zetu wa darasa la tatu wanajua habari yake. Lakini tunasema wazi: mashini zisiuzwe. Mbili zinatembea vizuri. Ya tatu inakosa mkanda tu. Ya nne imekufa, lakini itatoa vyuma vya kuponyesha zile zingine. Na huo mshono mmoja wanaoudharau unatosha kabisa kwa kazi ambayo shule hii iko na haja nayo sana, ni kushona mifarishi.

Mfarishi ni nini? Ni blangeti la tabaka tatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini kitambaa kizima. Halafu mistari ya mshono inapita juu ya zote tatu ili zishikamane zisitembee. Neno ni la Kiswahili, limo katika kamusi. Sisi watu wa Kasongo tunajivuna sana kwamba Kiswahili chetu ni cha zamani, kililetwa na watu wa pwani wakati wa Tippu Tip, kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwaka 1893. Basi tuliuliza wanafunzi kumi na wawili pale interna maana ya mfarishi. Hakuna aliyejua. Mmoja alijibu kwamba ni ugonjwa wa kuku.

Sasa sababu ya haja yetu. Wenye kulala nyumbani kwa wazazi hawajui sana usiku wa interna mwezi wa sita na wa saba. Kiangazi kikiingia, mchana jua kali, lakini kuelekea asubuhi baridi inapita chini ya mlango, na ndio wakati wa kusoma kwa ajili ya Mtihani wa Serikali. Wengi tuko na shuka moja tu. Tena kuna wenzetu waliotoka upande wa Kabambare, wengine njia ya Salamabila, ambao jamaa zao zilikimbia watu wenye silaha. Walifika na sare na madaftari, blangeti hapana. Mwaka huu tumeona kitanda kimoja kinalala watoto wawili si kwa kukosa kitanda, bali kwa kukosa la kujifunika. Mtu akisoma hivi aseme kama mashini ya kushona ni kitu cha kuuza.

Na blangeti la dukani linafika hapa namna gani? Linabebwa kwa lori mpaka barabara inapokataa, halafu kwa pikipiki ama kwa baiskeli ya kusukuma, na kila mkono unaolipokea unaongeza bei. Wakati huohuo mafundi wa kushona pale sokoni wanakata vikwembe kutoka asubuhi hadi jioni, na vipande vinavyoanguka chini ya meza wanavitupa, ama wanavijazia mito. Nguo za balo zilizopasuka zinakuwa vitambaa vya kupangusa pikipiki. Joto letu linafagiliwa kila jioni na watoto wa fundi!

Tukumbuke pia kwamba nchi hii ilitoa pamba. Serikali ya Wabelgiji ilianza kulimisha pamba kwa lazima mwaka 1917, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Mwaka 1920 likaundwa shirika la COTONCO la kuinunua. Babu zetu walilima kwa amri na kuuza kwa bei waliyopangiwa, na wakitaka nguo waliinunua dukani kama watu ambao hawajapata kuona pamba. Wazee wangali wanasimulia. Sisi wajukuu tusirudie mambo yale kwa namna nyingine, kuuza mashini leo na kesho kuomba mablangeti kwa wageni.

Kuna wanaosema, "Eh, hayo ni mambo ya Wazungu." Si kweli. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa, zamani kuelekea mwisho wa karne ya 19, walikuwa wananunua leso za mkono zilizochapwa rangi, wanashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wanapata nguo moja kubwa ya kuvaa. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo ilipoanzia kanga, na ndiyo sababu mpaka leo watu wa Mombasa wanaiita leso. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wako watu wanaoitwa Wasiddi. Mababu zao ni Waafrika waliovushwa bahari, wengi kama watumwa, wengine kupitia Goa ya Wareno. Wanawake wao wanashona kwa mkono mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Wanaanza pembeni na kuzunguka mpaka katikati, na kwenye pembe wanaweka vipande vilivyokunjwa kama maua. Mwaka 2004 waliunda ushirika wa kuiuza. Watoto wao wanalala chini ya kawandi hizo, nje kuna mvua kubwa za msimu.

Mwingine ni mama Harriet Powers. Alizaliwa mtumwa huko Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya kupata uhuru alishona mfarishi wenye picha 11 za Biblia: Adamu na Hawa, ndoto ya Yakobo, Karamu ya mwisho, na nyingine. Aliuonyesha kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwanamke mmoja mwalimu wa sanaa alitaka kuununua, naye akakataa. Miaka michache baadaye shida ya feza ilimshika, akautoa kwa dola 5. Leo umetunzwa katika makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Wenye kuuchunguza wanasema sehemu imeshonwa kwa mkono na sehemu kwa mashini. Mashini gani? Tufikiri kidogo. Singer alipata hati ya mashini yake mwaka 1851, na mashini za nyumbani zenye mshono wa kwenda upande na upande zilienea tu baada ya vita kubwa ya 1939-1945. Basi mama yule alikuwa na mshono mmoja ulionyooka, kama ule wa mashini zetu zilizofungiwa.

Mambo ya kupinga tumeyasikia, na mawili ni ya kweli, lazima tuyajibu.

La kwanza: vitu vizito vitaharibu mashini. Ndiyo, kama mtu atatia katikati blangeti zito la jeshi na kukanyaga kwa hasira, sindano itavunjika na pengine meno yatalegea. Lakini nani alisema tutie blangeti la jeshi? Katikati tunatia shuka kuukuu lililokunjwa mara mbili, ama blangeti lililochakaa mpaka limekuwa jepesi. Pamba iliyochambuliwa inafaa pia, ila mistari ya mshono iwe karibu karibu, isipite sentimita 5, la sivyo ukiifua siku moja pamba yote itakimbilia pembe moja. Sufi hapana. Sufi ni ya mito, ndani ya mfarishi inateleza. Sindano iwe namba 90. Sindano butu itupwe, ndiyo inayoruka mishono na kuvuta uzi, na watu wanalaumu mashini bure. Kitu kinachoua mashini hapa kwetu ni mafuta ya mawese. Tumeona kwa macho mtu ametia mawese ndani ya tundu la mafuta, kwa sababu "mafuta ni mafuta". Mawese yanaganda kama ulimbo. Mashini iliyoganda isafishwe kwa mafuta ya taa kidogo, ipanguswe, halafu itiwe matone ya mafuta ya mashini.

La pili: uzi ni ghali. Hapa tulipiga hesabu. Mfarishi wa mtoto, sentimita 60 kwa 60, unahitaji vipande 36. Kila kimoja kinakatwa sentimita 12, na mshono unakula sentimita moja kila upande, kinabaki cha 10. Kuviunganisha, kupitisha mistari juu ya maungio na kuzungusha utepe, yote inafika karibu mita 18 za mshono. Mashini inatumia uzi wa juu na wa chini, tuseme mara tatu ya urefu huo kwa kuhesabu na wa kupoteza. Ni mita 54. Rolo moja la uzi lenye mita 100 linabakiza. Mwalimu wa hesabu anaweza kutusahihisha, tutashukuru.

Sasa namna ya kuanza, kwa maana kuna wengi waliotuambia, "Tungependa, lakini tutaanzia wapi?"

Mtu asianze na kitambaa. Toa uzi kabisa ndani ya sindano, chukua karatasi ya daftari lililokwisha, lile la mistari, upitishe sindano juu ya mstari. Matundu yakifuata mstari toka mwanzo hadi mwisho, umejua kukanyaga. Yakienda kama njia ya panya, rudia. Mguu uwe na mwendo mmoja, usikimbie na kusimama. Na macho yasitazame sindano, yatazame mbele yake kidogo, kama vile mwenye baiskeli hatazami tairi.

Vitambaa vifuliwe kwanza, maana vikwembe vipya vinachuja rangi na vingine vinapungua. Vile vya kunyumbuka, kama vya tisheti, visichanganywe na vya kikwembe. Vinavutika na kuleta mikunjo. Kata kwa kipimo cha karatasi ngumu, kimoja kwa wote. Tunasisitiza hapa: kila mtu akikata kwa kipimo chake, hata nusu sentimita tu, mstari wa kumi hautakutana na wenzake, na hapo ndipo watu wanapogombana. Unganisha vipande kwanza kuwa mistari, halafu mistari kwa mistari. Kila mshono upigwe pasi ya makaa, maungio ya mstari huu yalale kushoto, ya mstari unaofuata kulia, ndipo hayatarundikana mahali pamoja na sindano itapita bila kugonga.

Kisha tandaza kitambaa cha chini juu ya sakafu safi, kiwe kikubwa kupita cha juu kwa vidole vinne kila upande. Weka cha katikati, weka cha juu, nyoosha kwa mikono. Sasa piga bandi kwa mkono, mishono mirefu, kuanzia katikati kwenda nje kama miale ya jua. Kazi ya bandi inachosha na kila mtu anataka kuiruka. Asiiruke. Mashini ya kawaida inavuta kitambaa cha chini kwa meno yake, na cha juu kinasukumwa mbele na mguu wa mashini. Bila bandi, ukifika mwisho cha juu kimezidi na kimejikunja kama paji la uso la mzee. Kama mashini ina skrubu juu ya nguzo ya mguu, ilegeze kidogo ili mguu usibane sana. Mshono urefushwe, uwe wa milimita 3 hivi.

Jaribu kwanza juu ya kipande kidogo cha tabaka tatu. Ukiona uzi wa chini, ule wa kaneti, umechomoza juu kama vinundu, uzi wa juu umekazwa kupita kiasi, ulegeze. Ukiona chini kuna vitanzi vitanzi, wa juu umelegea ama haukupita mahali pake. Ondoa uzi, pitisha upya. Karibu matata yote ya siku ya kwanza yanatoka hapa.

Mstari wa kwanza upite katikati ya mfarishi, juu ya maungio yenyewe. Halafu unaofuata kulia, halafu kushoto, ukisogea nje. Wasiddi wanaanza pembeni kwa sababu mkono unaweza kusawazisha kila hatua. Mashini haiwezi, inasukuma, kwa hiyo tunaisukumia nje mahali palipo wazi. Wale wanaotaka kuchora maua na majani kwa sindano wangoje kwanza. Hiyo inataka meno ya mashini yafunikwe, na mikono iliyozoea. Mistari iliyonyooka inaleta joto sawasawa na maua.

Kuna shida moja iliyobaki nayo ni shingo ya mashini. Mfarishi wa kitanda, sentimita 120 kwa 200, una vipande 240, na ukiukunja hauwezi kupita vizuri chini ya shingo ile. Mafundi wengi wanakata tamaa hapo. Dawa yake ni kuushona kwa sehemu tatu, kila moja ya vipande 4 kwa 20, tabaka zote tatu zikiwa zimekwisha kushikana, halafu sehemu zinaungwa na maungio yanafunikwa kwa utepe juu na chini. Hivyo hata mashini ndogo kabisa inashona kitanda. Na hesabu yake inatupendeza: wanafunzi 24, kila mmoja akileta vipande 10, kitanda kimoja kimetimia.

Tulisema wanafunzi, hatukusema wasichana. Wavulana wa darasa la tano tayari wameanza kucheka, "hii ni kazi ya wanamuke". Tunawaomba waende soko la Kasongo siku yoyote, wahesabu wale waliokaa nyuma ya mashini barazani. Ni wanaume, tena wenye watoto, na feza ya shule ya baadhi yetu inatoka chini ya sindano zile. Kusema kweli, seksio haikupungukiwa na wanafunzi. Ilifunga mlango kwa nusu ya shule. Mlango ukifunguliwa kwa wote, tuone kama watabaki wachache.

Bwana Prefe, hatusemi haya kwa kukosa heshima. Mwenye kuongoza shule anaona mahitaji ambayo mwanafunzi hayaoni, na mabati ni mojawapo. Tunaomba tu uamuzi uahirishwe mpaka mwisho wa muhula. Tunaomba ufunguo wa chumba kila Jumamosi saa nane mpaka saa kumi na moja, mbele ya mwalimu wa kike wa kupe-kutire, ambaye tumemwuliza naye amekubali. Fundi mmoja wa sokoni ameahidi kuleta mkanda wa mashini ya tatu kwa mkopo. Mifarishi miwili ya kwanza iende kwenye vitanda vile viwili tunavyovijua, hatutavitaja humu.

Wanafunzi wenzetu, kuanzia wiki hii kuna gunia limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha chakula. Leteni vipande vilivyofuliwa, vya kikwembe ama shuka, visivyo vidogo kuliko kiganja. Vya tisheti mwache nyumbani. Kipimo cha karatasi ngumu cha sentimita 12 kiko kwa kapita wa kila darasa. Asiyekiona amwulize, na kapita aliyekipoteza akate kingine kabla ya Jumamosi.